Kila Mita Ina Mwenyewe: Masafa Mafupi Yalivyogawanywa

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Tanga mbele ya mafundi redio, wanafunzi wa mawasiliano na wasikilizaji wa siku nyingi wa masafa mafupi. Nimeiandika yote kama nilivyoisema, kwa ajili ya wenzetu waliokosa kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mafundi wenzangu, vijana wetu wa chuo. Wazee, shikamooni. Vijana, hamjambo? Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Wengi wenu mmekua na redio ya bendi tatu, ile ambayo betri zake zikichoka zinaanikwa juani ili jioni taarifa ya habari isitupite. Kwenye kioo chake, mstari wa masafa mafupi, pameandikwa namba: 49, 41, 31, 25, 19, 16, 13. Nawauliza, nani aliyezipanga namba zile? Kwa nini baada ya 49 inakuja 41, na 45 haipo? Kwa nini mshale ukiwa kwenye 31 vituo vimebanana hadi vinapandana, halafu ukiusogeza kidogo tu unakutana na milio, vishindo, na watu wanaosema maneno yasiyoshikika? Watu wale ni akina nani? Nani aliwaruhusu wakae pale?

Jibu langu leo ni moja na nitalirudia: kila mita ina mwenyewe, na kila mwenyewe aliipata mezani. Hakuna kipande cha masafa mafupi kilichoshuka kutoka mbinguni kikiwa na jina la mtu. Viligombewa, vikagawanywa, vikagawanywa tena. Na vitagawanywa tena sisi tukiwa hai. Ndiyo maana niliomba wanafunzi wawepo, wasiwe wazee peke yetu.

Kwanza hesabu, maana bila hesabu hatutaelewana. Chukua 300, gawanya kwa megahezi, unapata mita. Kituo kikiwa kwenye megahezi 9.6, ukigawanya unapata 31 na ushee. Hiyo ndiyo mita bendi ya 31. Ukienda megahezi 6.1 unapata 49. Megahezi zikipanda, mita zinapungua. Na kilohezi elfu moja ni megahezi moja. Basi, hesabu imekwisha.

Masafa mafupi yenyewe ni kuanzia megahezi 3 hadi 30. Yaani megahezi 27 tu, kwa dunia nzima. Vijana, ile Wi-Fi mnayoipigania pale chuoni, chaneli yake moja ya kawaida ni megahezi 20. Mmeisikia tofauti? Nafasi ambayo ruta moja ndogo ukutani inaitumia kwa chumba kimoja inakaribia nafasi yote ambayo dunia nzima imepewa kwenye masafa mafupi. Na katika nafasi hiyo wamo nani? Zimo meli baharini. Zimo ndege: rubani aliye juu ya Sudan au Ethiopia, mbali na mitambo ya VHF, ile redio ya ndege ya masafa ya karibu, huwaita waongozaji wa Nairobi kwenye kilohezi 11300. Yamo majeshi na balozi. Vimo vituo vya kutangaza saa sahihi, kama WWV cha Colorado kwenye megahezi 5, 10 na 15 kamili. Yamo mashirika ya utangazaji. Na tumo sisi wa redio ya ridhaa, tunaorusha mawimbi si kwa mshahara wala kwa biashara, bali kwa kujifunza, kwa kuzungumza na wenzetu wa mbali, na kwa kusaidia siku ya dhiki.

Sasa, hawa wote waliwezaje kukaa pamoja?

Turudi nyuma, mwaka 1912. Titanic imezama mwezi wa Aprili, na Marekani inatunga sheria ya redio. Wakati ule wataalamu waliamini kwamba wimbi refu ndilo lenye thamani. Ukitaka kufika mbali, refusha wimbi, jenga minara mikubwa, tia umeme mwingi. Mawimbi mafupi kuliko mita 200 yalihesabika kuwa hayana faida kwa mtu yeyote. Basi wale vijana waliokuwa wakijitengenezea mitambo majumbani wakaambiwa: ninyi kaeni mita 200 kwenda chini. Serikali, jeshi la maji na kampuni wakabaki na yale waliyoyaona bora.

Watu wale walipewa makapi. Walifanya nini na makapi?

Walirusha. Walisikiliza. Walirekebisha waya, wakarusha tena. Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alivuka bahari, akapiga hema Ardrossan, pwani ya Scotland, katikati ya baridi na mvua, akategemeza waya wake na kuvipata vituo vya ridhaa vya Marekani kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Léon Deloy, aliyekuwa Nice, Ufaransa, alizungumza kwa alama za Morse na Fred Schnell wa Connecticut, huku na huku, kwenye wimbi la karibu mita 110. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wa ridhaa kuzungumza pande zote mbili za bahari ile. Tazameni mita zenyewe: 110! Chini kabisa ya pale palipoitwa hapafai.

Halafu ikafika tarehe 18 Oktoba 1924. Na hapa nawaomba wanafunzi mnisikilize vizuri zaidi. Frank Bell alikuwa kwenye shamba la kondoo la familia yake, New Zealand, kusini kabisa. Upande wa pili alikuwepo Cecil Goyder, mwanafunzi wa sekondari ya Mill Hill, London, akiwa na mtambo wa shuleni. Wakasikilizana. Mkulima na mwanafunzi! Kutoka upande mmoja wa dunia hadi upande wa pili, kwa umeme ambao kampuni za minara mikubwa zisingeuhesabu kuwa kitu. Siku ile ilibainika kwamba makapi ndiyo yaliyokuwa nafaka.

Ilipobainika hivyo, kilitokea nini? Wenye nguvu walirudi mbio. Mwaka 1926 kampuni ya Marconi ilifungua huduma yake ya masafa mafupi kati ya Uingereza na Kanada. Serikali zikaanza kutaka. Jeshi likataka. Watangazaji wakataka. Na wale walioligundua shamba wangeweza kufukuzwa wote bila hata kuulizwa. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa wamejipanga. Tarehe 18 Aprili 1925 walikutana Paris wakaunda umoja wao wa kimataifa, IARU. Ndiyo maana kila tarehe 18 Aprili ni siku yetu duniani kote. Mataifa yalipokutana Washington mwaka 1927 kuandika jedwali la kwanza la kugawa masafa, watu wa ridhaa walikuwa na wa kuwasemea.

Jedwali lile la 1927 ndilo mama wa namba zile za kwenye kioo cha redio. Watangazaji walipata vipande karibu na mita 49, 31, 25, 19, 16 na 13. Watu wa ridhaa walipata mita 160, 80, 40, 20 na 10. Tazameni vipande vyetu kwa megahezi: 3.5, 7, 14, 28. Kila kimoja ni mara mbili ya kilichotangulia. Hilo halikutokea kwa bahati. Mtambo usiosafishwa vizuri hutoa, pamoja na wimbi lake, mwangwi kwenye masafa mara mbili, mara tatu. Vipande vikipangwa hivi, mwangwi wa mtu wa ridhaa unaangukia kwa mtu wa ridhaa mwenzake, hauendi kumharibia nahodha au rubani. Mimi huwa nastaajabia sana busara ile. Watu wa 1927, kwa vifaa vya 1927, walipanga mpaka ambao hata kosa la mtu linaishia nyumbani kwake.

Lakini vipande vyenyewe havikubaki vilivyo. Kipande cha mita 31 cha watangazaji mwaka 1927 kilikuwa kilohezi 9500 hadi 9600. Mia moja tu. Leo ni 9400 hadi 9900. Mara tano! Kila baada ya mkutano watangazaji waliongezewa, maana kila dola ilitaka sauti yake isikike nje ya mipaka yake. BBC walifungua huduma ya dola yao mwaka 1932. Vita vikaja, kila upande ukirusha. Kisha vita baridi. Na sisi wenyewe hatukubaki nyuma: mitambo ya Radio Tanzania kule Dar es Salaam ilipewa FRELIMO, ikapewa ANC, ili watu wa Msumbiji na Afrika Kusini wasikie katika vyumba vyao yale ambayo serikali zao hazikutaka wayasikie. Gazeti linazuiwa mpakani. Wimbi la mita 31 linazuiwaje? Huweza kupigiwa kelele, lakini kulifunga mlango, hapana.

Sasa nije kwenye jambo la pili. Wapo wanaoniuliza: kwa nini kila kundi lisingepewa kipande kimoja kikubwa, yakaisha? Watangazaji wakae huku, ridhaa kule, meli pale. Kwa nini wamekatwakatwa, kila mtu ana kijisehemu hapa na kijisehemu pale?

Kwa sababu mgawanyaji wa kwanza ni jua.

Juu yetu, kuanzia kilomita 60 hivi hadi zaidi ya 300, jua linaivunjavunja hewa nyembamba na kuitia umeme. Tabaka hizo ndizo ionosfea. Tabaka la juu linaurudisha chini wimbi la redio, nalo linaruka tena na kufika mbali. Tabaka la chini kabisa, lile la D, kazi yake ni kunyonya, na linanyonya zaidi mawimbi ya megahezi ndogo. Jua likizama, tabaka hilo la D linatoweka. Ndiyo maana mchana mita 49 hazifiki mbali, usiku zinatiririka. Na usiku tabaka la juu linakonda, likashindwa kuyarudisha mawimbi ya mita 13, yakapita moja kwa moja kwenda zake angani. Juu ya hayo lipo duru la jua la miaka 11 hivi: madoa ya jua yakiwa mengi, mita 10 zinafunguka hadi Japani, yakiwa machache, unaweza kuzisikiliza siku nzima usipate hata mtu mmoja.

Kwa hiyo aliyepewa kipande kimoja tu ana kazi ya saa chache. Anayetaka kusikika asubuhi, mchana na usiku anahitaji vipande kadhaa, chini na juu.

Wasikilizaji wetu wa zamani walilijua hili bila kufundishwa na mtu. Mtaani kwetu alikuwepo mzee mmoja, nahodha mstaafu wa jahazi, ambaye nyuma ya redio yake alibandika karatasi ya daftari: mchana 16, jioni 25, usiku 31, usiku mkubwa 49. Pembeni kaandika miezi, maana alijua pia kwamba kusi na kaskazi havibadilishi tanga peke yake. Mwaka ukigeuka, hata redio inahama. Mnakumbuka watangazaji wakituambia, "Kuanzia Jumapili ijayo mtatusikia kwenye mita bendi nyingine"? Haikuwa hiari yao. Ratiba za masafa mafupi duniani hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kabla ya hapo mashirika hukaa pamoja kwenye mkutano wa uratibu uitwao HFCC, kila mmoja na orodha yake ya saa, nguvu na uelekeo wa antena, wakasuluhisha nani ampishe nani. Mzee yule, kwa karatasi yake ya daftari, alikuwa akifuata kazi ya mkutano wa kimataifa.

Na hapa kwetu kuna kipande ambacho Ulaya haina. Sisi wa ukanda wa joto tuna radi. Radi zetu zinaijaza kelele redio ya masafa ya kati, hasa nyakati za mvua, na nchi zetu ni pana. Basi dunia ilikubali kwamba katika nchi za joto utangazaji wa ndani uruhusiwe kwenye mita 120, 90 na 60. Mita 60 ndizo zilizotulea! Dar es Salaam ilikuwa kwenye kilohezi 5050. Kampala 4976. Nairobi 4915. Mtu wa Kigoma, mtu wa Marsabit, mtu wa Gulu, mbali na mnara wowote wa FM, alipata taifa lake kwenye mita 60. Wenzetu wa Ulaya na Amerika waliokuwa wakikesha kututafuta waliona fahari kutusikia kwa mbali. Zanzibar nayo, kutoka mtambo wa Dole kwenye kilohezi 11735, ilijulikana na wasikilizaji wa dunia nzima. Taarab ya Unguja imesikilizwa Finland kwa njia hiyo, na hakukuwa na intaneti.

Nikae kidogo kwenye mpaka mmoja, maana katika mpaka huo unaiona tabia yote ya mgawanyo huu. Mita 40.

ITU, chombo cha mataifa kinachosimamia masafa, imeigawa dunia kanda tatu. Ulaya, Afrika na Uarabuni ni kanda ya kwanza. Amerika zote ni ya pili. Asia na Pasifiki ni ya tatu. Mara nyingi kanda zinakubaliana. Kwenye mita 40 hazikukubaliana. Mwaka 1938, mkutano wa Cairo uliwaruhusu watangazaji walio nje ya Amerika waingie kwenye kilohezi 7200 hadi 7300, mahali palipokuwa pa ridhaa. Baada ya vita wakaongezewa tena. Mwisho wake sisi wa Afrika na Ulaya tukabaki na 7000 hadi 7100, kilohezi mia moja, na wenzetu wa Amerika wakaendelea hadi 7300. Je, wimbi linajua kanda? Wimbi linajua jua na tabaka, basi. Usiku ukiingia juu ya Atlantiki, mtu wa ridhaa wa Marekani mwenye wati 100 anaongea kwenye 7150 kwa haki yake yote, na juu yake linaanguka shirika la utangazaji la Ulaya lenye kilowati 250, nalo kwa haki yake yote. Wote wawili wana sheria mkononi. Nani mwenye kosa?

Hali hiyo ilidumu miongo. Watu walizaliwa wakaikuta, wakafa wakaiacha. Walioitatua hawakupiga kelele hewani. Walikwenda kwenye vikao, mkutano baada ya mkutano, na vipimo na rekodi na barua za serikali zao. Mwaka 2003 mkutano wa Geneva ukakubali: watangazaji watoke 7100 hadi 7200, wafidiwe kwa kusogezwa juu mpaka 7450. Wakapewa muda wa kujiandaa hadi tarehe 29 Machi 2009. Siku ile eneo letu liliongezeka mara mbili kwa usiku mmoja. Mita 40 kwetu leo ni 7000 hadi 7200. Ukiwasha redio ukasikia mtu wa Nairobi kwenye 7150, jua kwamba kuna watu walikaa kwenye viti vigumu ili asikike.

Je, wote walitii? Hapana. Na mfano wa karibu uko jirani zetu wa Pembe ya Afrika. Baada ya 2009 redio ya Eritrea iliendelea kusikika kwenye 7140 na 7180, na kutoka Ethiopia zikaja kelele za kuizima, pana, zinazomeza vituo vyetu kilohezi nyingi kila upande. Ethiopia yenyewe imekuwa ikitangaza kwenye 7110. Siwalaumu wasikilizaji wao. Mtu anayetafuta habari za nyumbani kwake hana hatia. Lakini mfahamu kwamba 7110 ndiyo namba ambayo kanda yetu nzima imeichagua kuwa mahali pa kukutania wakati wa maafa. Nasema kwa uchungu. Siku watu wamefukiwa na kifusi, wakati mwingine ndipo mahali pale pale patakapotakiwa.

ITU haina polisi. Haina pingu. Nchi ikilalamika, nchi nyingine inaandikiwa. Ushahidi unatoka wapi? Unatoka kwa watu wa kujitolea wa ridhaa wanaosikiliza usiku, wakaandika saa, namba, nguvu ya wimbi na uelekeo linakotoka. Ndivyo ilivyokuwa hata wakati wa ile rada kubwa ya Kisovieti karibu na Chernobyl, iliyoanza 1976, ikigonga mara kumi kwa sekunde juu ya masafa ya kila mtu: meli, ndege, watangazaji, ridhaa. Watu wa ridhaa waliielekezea antena zao, wakalinganisha, wakaonyesha inatoka upande gani. Haikuisha hadi 1989, karibu na mwisho wa vita baridi. Lakini haikuwa siri.

Nitapita haraka kwenye mambo ya ndani ya vipande vyetu, kwa sababu mafundi mnayajua. Kituo cha utangazaji kinahitaji upana wa karibu kilohezi 10. Sauti yetu ya SSB, ile isiyoshikika kwenye redio ya kawaida, inatosheka na kilohezi 3. Morse inahitaji sehemu ndogo sana ya hiyo. Na FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, iliyoletwa mwaka 2017 na Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Nobeli, akiwa na Steve Franke, inatumia hezi 50 tu. Ndiyo maana tumejipangia wenyewe, bila serikali kutulazimisha: kwenye mita 20, chini kabisa kuanzia 14000 ni Morse, kuanzia 14070 ni kompyuta, 14100 ni vinara, yaani vituo vya kupimia wimbi linafika wapi, juu yake hadi 14350 ni sauti. Na kuna mahali tuna haki ya kwanza, na mahali pengine tuna haki ya pili. Mita 30, kilohezi 10100 hadi 10150, ni ya haki ya pili: mwenye haki ya kwanza akija, unanyamaza. Mkipata leseni, hilo mlishike kabla ya yote.

Jambo langu la mwisho ni hili. Vyumba vinakuwa vitupu.

Wazee mmeliona. Kituo cha kurushia cha BBC kilichokuwa Shelisheli kilifungwa 2014. Kituo cha Deutsche Welle cha Kigali, kilichofanya kazi tangu 1965, kilizimwa Machi 2015. Masafa yaliyokuwa yakigombewa kama lulu leo yana kimya cha saa nyingi. Wengine wanasema, basi masafa mafupi yamekufa. Mimi nasema mwangalieni mwaka 1979. Wakati huo serikali na kampuni za simu zilikuwa zinahamisha mawasiliano yao kwenda kwenye setilaiti, na kwenye mkutano mkuu wa Geneva watu wa ridhaa wakasema: pale mnapoondoka, tupeni sehemu. Wakapewa vipande vitatu vipya, mita 30, mita 17 na mita 12. Kipande kikiachwa hakibaki bila mtu. Kinagawiwa tena. Swali ni nani atakuwepo mezani.

Na sisi Waafrika tuna uzito mezani. Kwenye mikutano hiyo nchi moja ni kura moja, na bara letu lina nchi zaidi ya 50. Misimamo yetu inaandaliwa pamoja kupitia umoja wetu wa mawasiliano, ATU, ulio Nairobi. Mkutano uliopita ulikuwa Dubai mwaka 2023. Unaofuata ni 2027. Serikali ikituuliza watu wa ridhaa, "Ninyi mko wangapi, mnafanya nini?", tutajibu nini? Mwaka 2015 tulipewa kwenye mita 60 kilohezi 15 tu, 5351.5 hadi 5366.5, tena kwa wati 15. Kilohezi kumi na tano! Zinatosha sauti tano. Wapo waliosema ni kidogo mno, ni dharau. Mimi nasema 1912 walipewa kisichofaa, wakakifanya kifae.

Na ukiulizwa faida yake, taja Desemba 2004. Timu ya watu wa ridhaa wa India, ikiongozwa na mama mmoja, Bharathi Prasad, ilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kurusha mawimbi kutoka visiwa ambavyo dunia ya ridhaa haikuvisikia kwa miaka mingi. Ilikuwa safari ya furaha. Asubuhi ya tarehe 26 ardhi ikatikisika na bahari ikapanda. Simu zikakatika, umeme ukakatika. Antena walizozisimamisha kwa ajili ya furaha zikawa njia ya kupeleka India bara majina ya waliosalimika, maombi ya dawa, maombi ya chakula. Ni masafa yale yale, mita zile zile zilizoandikwa kwenye jedwali kwa ajili yetu. Mawimbi ya bahari ya siku ile yalifika hadi kwetu na kuua watu hata Tanzania. Pwani yetu, kutoka Lamu hadi Mtwara, ina watu wangapi wenye leseni na betri iliyojaa?

Wanafunzi, leseni ya ridhaa Tanzania hutolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama zetu za kuitana hewani huanza na 5H. Wakenya huanza na 5Z, Waganda 5X. Atakayetaka kujiandaa kwa mtihani aandike jina kwenye daftari lililo mezani kwa katibu kabla hajatoka. Tutasoma pamoja kila Jumamosi mchana.

Wakati mnasubiri leseni, kusikiliza kunaruhusiwa. Chukueni redio yenye SSB, iwekeni kwenye kilohezi 14100, msiiguse kwa dakika tatu. Hapo kuna vinara 18 vilivyopangwa kutoka pande zote za dunia, kila kimoja kina sekunde kumi zake, kikimaliza kinampisha mwenzake. Kinataja jina lake kwa Morse, kisha kinatoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Orodha inaanza na Umoja wa Mataifa New York, 4U1UN. Afrika Kusini ni ZS6DN, na zamu inayoifuata ni ya Kenya, 5Z4B. Andikeni saa, mliyemsikia, na milio mingapi mliyoipata. Fanyeni asubuhi, fanyeni mchana, fanyeni saa mbili usiku. Kisha rudieni kwenye 21150. Karatasi hizo mje nazo Jumamosi ya kwanza, tuzitandaze mezani tulinganishe.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Ndugu mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.